Kazi Yake, Nakkash

Ripoti zilikuwa tatu, za madaktari watatu, na zote zilikubaliana kwa kila kitu. Hilo ndilo lililomtia shaka Meja Rauf Makkawi tangu alipozifungua asubuhi ile juu ya meza ya Daktari Insaf el-Dib. Miaka ishirini na saba ya upelelezi katika jiji la Cairo ilimfundisha kwamba mashahidi watatu wakiiona ajali moja, wa kwanza atasema gari lilikuwa jekundu, wa pili atasema la samawati, na wa tatu ataapa kwamba ilikuwa pikipiki. Wakikubaliana mpaka rangi ya soksi za dereva, basi walikaa pamoja mkahawani kabla ya kuja kituoni.

"Kamati inakaa saa nane mchana," alisema Daktari Insaf. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani mizito na sauti ya mtu ambaye hajalala vya kutosha tangu ajira yake ianze. "Tukishatia sahihi, Nasif Malati anahamishiwa wodi ya kufungwa. Huko hakuna tarehe ya kutoka. Na faili lako, kama nilivyoambiwa, linafungwa pamoja naye."

"Ndivyo mwendesha mashtaka anavyotaka."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kuelewa. Kisha nitataka chai."

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Wiki sita zilizopita Mallem Malati, sonara mkongwe, alikutwa amekufa juu ya benchi la kazi, bilauri ya chai pembeni yake. Ndani ya chai kulikuwa na sianidi, ile sumu ambayo kila sonara anayo kabatini kwa ajili ya kuosha dhahabu. Aliyekuwa naye karakanani ni mwanawe wa pekee, Nasif. Mdogo wa marehemu, Wadia, aliwaambia polisi kwamba chai iliandaliwa na Nasif, na kwamba Nasif alikuwa amerukwa na akili kwa miezi kadhaa. Madaktari wakamalizia kazi kwa neno moja: skizofrenia.

"Unajuaje?" Rauf akauliza.

"Ninajuaje nini?"

"Kwamba ni skizofrenia. Mimi nikimkuta mtu ana risasi kichwani, sihitaji kubahatisha. Wewe unapima nini? Damu? Mkojo?"

"Hakuna damu ya kupima, Meja. Hakuna picha ya kichwa itakayokuonyesha. Kuna mtu anayesema na mtu anayesikiliza. Anachosema tunakilinganisha na orodha ya dalili."

"Na akisema uongo?"

"Tunaiuliza familia."

"Na familia ikisema uongo?"

Daktari Insaf alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti. "Nina wagonjwa mia na kumi katika jengo hili. Usinifanyie mtihani."

Rauf akarudi kwenye makaratasi. Ripoti ya kwanza iliandikwa na Daktari Hatem, kijana aliyekuwa zamu siku Nasif alipoletwa. Ya pili ilikuwa ya mzee Daktari Lamlum. Ya tatu ilikuwa ya Insaf mwenyewe. Mgonjwa hubuni maneno yasiyokuwepo katika lugha yoyote: yafet, ashfur, na jingine lililosikika kama "kaa kando", analomrushia ami yake bila sababu. Mgonjwa anajikweza, anadai dhahabu hupita mikononi mwake kila siku na kwamba wake za mawaziri huvaa kazi yake. Anaamini ami yake alikuwa akimwibia baba yake. Tena humsikia baba yake marehemu akimsemesha.

Juu ya ripoti ya kwanza, mahali pa kujaza kazi ya mgonjwa, Hatem aliandika neno moja, nakkash. Katika ya pili na ya tatu neno lilikuwa limefafanuliwa: mpaka rangi wa majumba.

"Mtoto wa sonara akawa mpaka rangi?" Rauf aliuliza.

"Ndiyo. Na ukitazama vizuri utaona inaeleza mengi. Kijana ameshindwa kurithi kazi ya baba, anapaka kuta za watu, basi akili ikamtungia dhahabu. Inaingia akilini kabisa."

"Inaingia mno," alisema Rauf. "Ulikaa naye muda gani?"

"Dakika kumi na mbili," alisema Daktari Insaf, na uso ukamwiva. "Ripoti mbili zilikuwa tayari. Nilithibitisha."

"Ulithibitisha au ulinakili?"

"Meja Rauf, mgonjwa wako yuko chumba cha tatu. Twende ukamwone mwenyewe, halafu unitukane ukiwa na haki."

Rauf akainuka. Alipotia mkono mfukoni kutafuta kalamu, alikuta kile kifurushi cha karatasi chenye pete ya mkewe. Pete ilimbana kidole Sawsan tangu Ramadhani, na tangu Ramadhani Rauf aliahidi kuipeleka kwa sonara ikapanuliwe. Akairudisha mfukoni kwa aibu yake ya kila siku.

Nasif Malati alikuwa na miaka thelathini na tatu, lakini aliingia kwa mwendo wa babu anayetafuta viatu vyake. Walikuwa wamemnyoa kipara. Mikono ilimtetemeka kwa sindano za wiki sita, na alipoketi aliikalia, isionekane. Juu yao feni ya dari ilizunguka na kulia kila ilipomaliza mzunguko.

Rauf hakumhurumia, si mapema hivyo. Mtu anayeweza kutia sumu katika chai ya baba yake anaweza pia kutia wazimu katika maneno yake mwenyewe. Alikwisha kumwona mmoja aliyebweka siku nne mfululizo, mpaka alipoonja chakula cha hospitali akaomba arudishwe mahabusu.

"Nipe mikono yako," alisema.

Nasif alimtazama daktari kwanza, kisha akaitoa. Katikati ya kiganja cha kulia palikuwa na sugu ya duara, ngumu, kubwa kama kifungo cha koti. Kidole gumba cha kushoto kilijaa makovu membamba, ya zamani na mapya. Rauf alimfahamu mpaka rangi mmoja, shemeji yake, ambaye hata siku ya harusi alikuwa na chokaa ndani ya kucha. Hapa hapakuwa na chokaa.

"Brashi haifanyi hivi."

"Brashi gani, Pasha?"

"Wewe si mpaka rangi?"

Nasif alimkodolea macho. Kisha kitu kikamtikisa mabega, na Rauf akachelewa kutambua kwamba ni kicheko.

"Mimi? Ukuta wa chumba changu mwenyewe nilimwita mtu aje kuupaka, na akanipunja."

"Hapa pameandikwa nakkash."

"Ndiyo. Nakkash wa dhahabu. Natia nakshi bangili, pete, misalaba. Hii," akaonyesha sugu, "ni kitako cha patasi. Inakaa hapo tangu nina miaka kumi na mitano."

Kila mtu Cairo anajua nakkash ni nani: ni yule bwana mwenye ngazi na ndoo za rangi. Ni ndani ya mitaa michache tu ya wachonga madini ambako neno hilohilo ni la mtu mwingine, anayekaa chini ya taa na kuchonga maua kwenye kitu kidogo kuliko ukucha. Madaktari wote watatu walizaliwa kwenye kuta zilizopakwa rangi, hawakuzaliwa karakanani.

"Kwa nini hukusema?" Daktari Insaf aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nilisema, Daktari. Nilikwambia dhahabu inapita mikononi mwangu kila siku. Ukaandika haraka haraka, nikadhani umefurahi."

Rauf hakumpa nafasi ya kupumua. Akasoma kwenye karatasi: "Yafet. Ashfur. Na hili la 'kaa kando'. Ni lugha gani?"

Uso wa Nasif ukafungika kama duka saa ya adhana. "Hayo si maneno ya hapa."

"Ni ya wapi?"

"Siwezi, Pasha. Niliapa juu ya benchi la baba."

"Baba yako amekufa, na saa nane watu watatu watatia sahihi kwamba wewe ndiye uliyemuua. Ukiingia wodi ile hutoki. Kiapo hicho kitakusaidia nini?"

Nasif akafikiri. Alikuwa na ulegevu wa dawa, kila neno alikuwa kama analivuta kutoka kisimani. "Nenda kanunue kitu," alisema. "Nenda mtaani kwetu, duka linalotazamana na letu, kwa Usta Zaghlul. Usiende kama polisi. Nenda kama mnunuzi mjinga."

"Na sauti ya baba yako? Pameandikwa unamsikia."

Nasif aliinua macho kwenye feni. "Miaka kumi na minane alikaa kulia kwangu ananisahihisha. Unadhani atanyamaza kwa sababu amekufa?"

Daktari Insaf aliandika kitu. Rauf aliona, na hakujua aandike nini yeye.

Ukumbini alimsimamisha daktari. "Haya maneno ya kubuni, aliyasema lini?"

Akafunua faili. "Siku ya kuletwa. Halafu kikao cha pili, halafu cha tatu."

"Na vikao vilivyobaki?"

"Aliongea kawaida. Kidogo, lakini kawaida."

"Vile vitatu nani alikuwepo chumbani?"

Alipitisha kidole kwenye karatasi, kikasimama. "Ami yake. Ndugu wa karibu hukaa na mgonjwa, Meja, ndiyo desturi. Bila wao hatujui historia ya mtu."

"Mwendawazimu anayebuni maneno, Daktari, huyabuni kwa miadi?"

Mtaa wa masonara ulikuwa na joto la tanuri mchana ule wa Agosti. Duka la marehemu Malati lilifungwa, utepe mweusi mlangoni. Rauf alivaa shati la mikono mifupi na uso wa mume aliyetumwa na mkewe, uso ambao haukumpa taabu hata kidogo. Usta Zaghlul alikuwa mzee mnene mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye paji la uso. Nyuma yake, kwenye mizani, alikaa kaka yake mwembamba.

"Nataka kuipanua," alisema Rauf, akafungua karatasi. "Na unitathminie. Karati ishirini na moja. Niliinunua mwenyewe kwa ajili ya harusi."

"Mashallah," alisema Zaghlul. "Mkono wenye baraka." Akashusha kioo, akaigeuza pete mara mbili, akaikwaruza kidogo kwenye jiwe. Kisha, bila kumgeukia kaka yake, bila kubadilisha sauti, kama mtu anayesafisha koo: "Ashfur."

"Ashfur," akajibu kaka yake, akaendelea na mizani.

"Pete nzuri sana, bwana wangu," Zaghlul akamwambia Rauf.

Rauf akaweka kitambulisho chake juu ya kioo cha kabati. "Rudia neno ulilosema."

Rangi ikamtoka mzee yule kuanzia kwenye paji. "Neno gani, Pasha?"

"Hilo. Umelisema na yeye amelisema. Mko wawili, basi hamjarukwa na akili wote siku moja."

Ilichukua bilauri mbili za maji na kiapo cha Rauf kwamba hakuja kwa ajili ya kodi. Ilikuwa lugha ya mtaa, Zaghlul akaeleza, ya maneno machache tu, ya kusemezana mbele ya mnunuzi asielewe. Wazee waliirithi kwa wazee. Yafet ni kizuri, safi. Ashfur ni kibovu, cha kughushi.

"Kwa hiyo pete ya mke wangu..."

"Imechanganywa shaba, Pasha. Nyingi. Nisamehe."

Rauf akaitazama pete. Miaka ishirini na miwili Sawsan alikuwa akiionyesha pete ile kwa dada zake. "Tutarudi kwenye hilo. 'Kaa kando' ni nini?"

"Si kaa kando. Daktari amesikia neno la mjini, ganb, yaani kando. Sisi tunasema ganab." Zaghlul akashusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. "Mwizi. Siku polisi walipomtoa Nasif, alipita hapa mlangoni akilia: ganab ndani ya nyumba, ganab ndani ya nyumba. Mtaa mzima tulisikia."

"Na mtaa mzima mkanyamaza."

"Hakuna aliyetuuliza. Na huwezi kumwita mtu mwizi kwa lugha ya wazi mbele ya wageni. Mtaa utakufa njaa. Hata ukiona nduguyo anakuibia, unamwambia kwa maneno yetu, aone aibu, arudishe. Ndivyo Nasif alivyolelewa."

"Kulikuwa na wizi?"

Zaghlul akamtazama kaka yake, na kaka yake akatikisa kichwa: sema. "Dhahabu za watu. Zinaletwa kwa Malati kuyeyushwa, zinarudi zimechanganywa. Malati aliniambia siku mbili kabla hajafa. Alisema anamjua mwenye mkono huo, na ni mkono wa nyumbani. Alikuwa amempa mpaka Jumapili akiri."

Alikufa Jumamosi. Rauf alijua tarehe ile bila kuangalia. Lakini mkono wa nyumbani ulikuwa na watu wawili, na hakuwa tayari kumtoa mmoja kwa sababu tu ana makovu kidoleni. "Wadia anaijua lugha hii?"

"Wadia?" Zaghlul karibu acheke. "Wadia ndiye aliyenifundisha mimi nilipoingia mtaani. Miaka arobaini benchini, Pasha. Akiota, anaota kwa lugha hii."

Rauf alikuwa na nakala ya maelezo ya Wadia kwenye mkoba. Aliyasoma tena amesimama. *Siyaelewi maneno hayo wala sijawahi kuyasikia. Ni ya kujitungia. Aliyaanza alipougua.* Chini yake palikuwa na sahihi, ya herufi kubwa na mkia.

"Kinywaji mnakiitaje?" aliuliza.

"Maji, chai, chochote? Mayim."

"Nifundishe kusema kinywaji ni kibovu."

Zaghlul akamfundisha mara nne. Mara ya tatu kaka yake alijificha nyuma ya mizani kwa kucheka. "Polepole, Pasha," akasema Zaghlul. "Ukitamka hivyo msikilizaji atadhani unamsifia mkewe."

Saa nane kasoro dakika tano Rauf aliingia ofisini kwa Daktari Insaf. Alimnong'oneza jambo moja tu: chai ije kabla ya sahihi. Daktari Lamlum alikuwa amekwisha kuketi, kalamu mkononi, na Hatem kando yake, mwembamba na mwenye haraka. Wadia alifika akiwa na suti ya kijivu, kitambaa cheusi cha msiba mkononi na sanduku la basbusa.

"Daktari, binti yangu, nimewaletea kitu kitamu," alisema, "ingawa moyo wangu ni mchungu."

Alikuwa na sura ya kupendwa, nywele nyeupe na macho ya unyevunyevu. Watu wa namna hiyo walimkosesha Rauf raha. Akamsaidia kuvuta kiti.

"Ami Wadia, nikuulize kabla hawajamaliza. Yale maneno ya Nasif. Huyaelewi kabisa?"

"Hata herufi moja, Pasha. Mtoto niliyembeba mgongoni ananikazia macho, ananisemesha lugha ya majini. Nililia nilipofika nyumbani."

"Pole sana."

Mhudumu akaleta bilauri tano kwenye sinia. Lamlum alitia vijiko vitatu vya sukari. Hatem akaanza kupuliza yake. Wadia akaishika bilauri kwa ncha za vidole, kama wanavyoshika watu waliozoea moto, akaipeleka mdomoni.

Rauf alikuwa akiangalia dirishani. "Mayim ashfur," alisema, taratibu, kama mtu anayejisemea.

Lamlum akakoroga. Hatem akanywa funda, akamtazama Rauf kwa mshangao, akanywa jingine. Daktari Insaf alikuwa na bilauri mkononi, akingoja kusikia meja anasemaje.

Bilauri ya Wadia ilikuwa imesimama kidole kimoja kutoka kwenye midomo. Ikashuka. Akaiweka juu ya meza kwa uangalifu mkubwa, akaisukuma mbali kidogo, akatoa leso na kujifuta midomo, mara mbili.

"Mbona hunywi, Ami Wadia?"

"Moto."

"Daktari Hatem amekwisha fika nusu."

"Madaktari wamenikataza sukari."

"Hujatia sukari." Rauf akavuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yao yakagusana. "Nimesema maneno mawili. Daktari Lamlum hakuyasikia hata. Daktari Hatem amedhani nimeanza kuugua. Katika watu watano chumbani, mmoja ameweka chai chini. Soma sahihi yako hapa, unisaidie. Umeandika hujawahi kuyasikia."

Wadia alitazama karatasi, akatazama mlango. "Nimezeeka, Pasha. Labda zamani niliyasikia. Mtu anasahau."

"Husahau. Na kuna jambo lingine linanisumbua. Mtu akiambiwa kinywaji kibovu, atafikiri maziwa yamechacha, au bilauri haikuoshwa. Ataonja kidogo ahakikishe. Wewe ulijifuta midomo."

Sukari iliyeyuka ndani ya bilauri ya Lamlum na yeye hakuinywa.

"Nasif amekuambia," Wadia alisema, na sauti ile ya machozi haikuwepo tena.

"Nasif alikataa kuniambia. Wiki sita anachomwa sindano na siri ya mtaa hakuitoa. Kila ulipokuja alikutazama usoni akakuita mwizi kwa adabu, urudishe, na wewe ukamgeukia daktari ukasema ni wazimu."

"Neno si ushahidi wa kuua mtu."

"Bado si ushahidi. Ni ushahidi wa uongo ulioutia sahihi, na huo unanitosha kukuchukua. Mengine tutazungumza kituoni, kuanzia asubuhi ya Jumamosi ile, na nani aliyechemsha maji."

Askari wawili waliokuwa wakingoja ukumbini wakaingia. Wadia alisimama mwenyewe, akaiacha basbusa mezani. Hakuna aliyeigusa.

Walipotoka, Daktari Insaf aliwaomba wenzake wamwachie chumba. Lamlum aliondoka akinung'unika kwamba kamati haiwezi kuacha nafasi tupu kwenye fomu. Hatem alibaki mlangoni, masikio mekundu. "Nilisikia kaa kando," alisema. "Naapa nilisikia kaa kando."

"Ulisikia ulichokijua," Insaf alimwambia, bila ukali. "Na sisi wawili tukakuamini wewe badala ya kumsikiliza yeye. Nenda."

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maneno ya kubuni. Akapiga mwingine juu ya dhahabu. Kwenye mstari wa ami mwizi alisita muda mrefu. "Hii ndiyo inanitia aibu," alisema. "Tuliita imani potofu. Hatukumtuma hata mtu mmoja akaangalie kama ni kweli."

"Kwa hiyo si mgonjwa," alisema Rauf.

"Sijui."

"Daktari!"

"Sijui, Meja! Ulitaka ukweli, ndio huu. Mtu anaweza kuibiwa kweli, na akawa na skizofrenia kweli. Nimebakiwa na dalili moja." Akaigonga kwa kalamu. *Humsikia baba yake.*

Nasif akaletwa. Rauf alimweleza kwa kifupi: ami yake amekamatwa, wodi ya kufungwa haipo tena leo. Nasif hakushangilia. Alilia kidogo, kimya, akajifuta kwa kiganja.

"Alinifundisha kushika patasi," alisema. "Ami. Kabla ya baba."

Rauf hakuwa hodari wa nyakati kama hizo. Akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi na kumpa pete, ili mikono ile ipate cha kufanya. Nasif akaigeuza kwenye mwanga. Vidole vilimkataa, pete ikaanguka, akaiokota, akaishika kwa mikono miwili. Kisha akainamisha kichwa upande wa kulia, chini ya feni, kama mtu anayenong'onezwa.

"Baba anasema ni ashfur," alisema. "Shaba nyingi."

Rauf akamgeukia Daktari Insaf. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za shaba.

Kalamu ya Daktari Insaf ilikuwa juu ya mstari ule wa mwisho. Ingekuwa asubuhi, ingekwisha kushuka. "Nasif," alisema, "unamsikia kwa masikio, kama unavyonisikia mimi? Au unajua tu ambacho angesema?"

Pete iligongagonga kati ya vidole vya Nasif.

"Wiki sita niko hapa, Daktari," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hivyo."

Daktari Insaf aliweka kalamu chini, akavuta kiti chake mpaka mbele yake. Rauf akainuka, akazima feni, ili wasikie vizuri.